Papa Alipokuwa na Neno Moja

Sisi tuliokulia Kavimvira kabla simu hazijafika tulilelewa na ziwa upande huu, mlima upande ule, na katikati akina mama wenye mikono mizito. Ukikosea mbele ya mama wa jirani anakuchapa papo hapo. Ukifika kwenu habari imeshakutangulia, unachapwa mara ya pili, na jioni mama zenu wawili wanakaa pamoja wakichambua sombe, majani ya muhogo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wa leo ukiwakaripia njiani wanakutazama toka kichwani mpaka miguuni, wanakuuliza, "Weye ni nani kwangu?" Sisi swali hilo hatukulijua. Kila mtu mzima alikuwa mtu wako.

Nakumbuka ziwa kabla ya vyote. Tulikatazwa kuoga peke yetu kwa sababu ya viboko na mamba, na tulikwenda kila siku. Mama hakuhitaji shahidi. Alikuita, akakushika mkono, akapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukitoka mstari mweupe, basi, umetoka majini. Wajanja wakaanza kujipaka mawese ili mstari usionekane, wakarudi nyumbani wakinuka kama sufuria ya maharage. "Siku kiboko itakukata mara mbili," Mama alikuwa akisema, "usikuye kulia kwangu!" Siku hizi vijana wanakwenda ufukweni wamevaa viatu, wanapigana picha maji yakiwafika kwenye kifundo, wanarudi. Ziwa limekuwa ukuta wa nyuma ya picha.

Shuleni tulikariri Kifaransa kama wimbo bila kujua kinasema nini, na aliyeponyokwa na Kiswahili darasani alivishwa kipande cha mbao shingoni mpaka apatikane mwingine wa kumrithi. Tuliporudi, bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Siku nyingine sombe iliyotwangwa hadi ikalainika, mawese yakiogelea juu. Wali ulikuwa wa Noeli, au siku Baba Mkubwa Byamungu, kaka yake Papa, aliposhuka kutoka Sange na mfuko wa mchele mpya begani. Harufu ya mchele ule ilifika barabarani, na watoto wa watu wakaanza kupitapita mbele ya kwetu wakijifanya wamepoteza kitu.

Na asubuhi kulikuwa na uji wa Koko Vumilia. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa koko wa avenue nzima, ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja wa damu. Mume wake na watoto wake wote alikuwa amewazika. Nyumba yake ilitazamana na yetu. Kabla jua halijatoka juu ya milima ya Burundi tayari moshi wake ulikuwa hewani, na tulisimama mstari na vikombe vyetu vya bati tukingoja uji wa mtama uliochachuka kidogo, wa moto wa kukuunguza ulimi. Asiyekuwa na kitu alikunywa pia. Koko alimpimia bila kumwangalia usoni, asimtie aibu.

Papa alikunywa hapo kila alfajiri akienda kazini. Alikuwa masoni. Sehemu kubwa ya nyumba za matofali upande wetu zilipita mikononi mwake, na alikuwa na tabia, tukitembea naye, ya kuupiga ukuta wake kofi kidogo anapoupita, kama mchungaji anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. Mtu mrefu, mpiga mluzi, mwenye maneno mengi. Mama alisema alimwoa kwa maneno tu, kwa sababu kitu kingine hakuwa nacho. Watu walimwita Papa Safari, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Baada ya Safari nilifuata mimi, Furaha, kisha mdogo wetu Neema.

Nilikuwa darasa la tano, masika yalikuwa yameanza. Asubuhi ile Papa alikunywa uji wake, akamrudishia Koko kikombe, akamtania kwamba mtama wa mwaka huo ulikuwa na usingizi, akaenda zake. Jua lilipokuwa limepanda kidogo tukasikia kelele. Wenzake walikuwa wanakuja naye juu ya kipoyi, machela ya fito na blanketi. Alikuwa ameanguka kando ya msingi aliokuwa akiujenga. Mguu mmoja ulining'inia nje ya blanketi na kiatu kimetoka, na chokaa ilikuwa imemkauka usoni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Neema alicheka, alidhani Papa anamtania.

Hospitali walisema ni tension: damu ilimpanda, mshipa ukapasuka kichwani. Walimlaza wiki nyingi. Mama alilala chini ya kitanda chake, juu ya kitenge, na sisi tulimpelekea chakula kwa zamu. Alipotulia waliturudishia mtu mwingine. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Na yule mwenye maneno mengi alikuwa amebaki na neno moja tu: "Eeh."

Una njaa? Eeh. Umeshiba? Eeh. Ni mimi Furaha? Eeh. Ni mimi Neema? Eeh. Macho yake yalikuwa yanatutafuta, yanahangaika, kama mtu anayegonga mlango akiwa ndani na ufunguo uko nje.

Hapo utoto wangu ukabadilika. Safari aliacha shule, akaenda kuchota mchanga ufukweni kwa ajili ya mafundi wengine, wale wale waliokuwa chini ya Papa. Mama aliendelea kuuza ndagala sokoni, lakini kabla ya kutoka alikuwa amekwisha kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha nguo kama mtoto mchanga. Mimi nilimlisha. Nilijifunza kumwekea tonge upande wa kushoto wa kinywa, kwa sababu upande wa kulia chakula kililala tu kikatoka. Tulimkanda mguu kwa maji moto na mawese, kidole kwa kidole. Alikuwa analia. Hakulia kwa maumivu. Machozi yalimtoka pale Mama alipomvua suruali mbele yetu.

Alikuwa na hasira pia, na mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu. Siku moja Safari aliporudi kutoka mchangani, kachoka, akainama kumweka vizuri, Papa alishika bakuli la bugali akamrushia. Lilimpiga kaka yangu juu ya jicho. Safari alisimama, damu inashuka, akasema, "Minye niliacha masomo juu yake." Mama alimfuta kwa pindo la kitenge.

"Hakutupia weye," alimwambia. "Iko anatupia ule ugonjwa. Shida weye ulisimama karibu."

Majirani walikuja mwanzoni kwa wingi, na kuni, na mihogo, na sala. Koko Vumilia alivuka barabara kila asubuhi na uji, akaupoza mwenyewe kwa kuumimina kikombe hiki na kile, akamnywesha Papa kwa kijiko huku akimsema, "Kunywa, masoni, ukuta wako umeegemea upande, tuunyooshe." Papa alikuwa anameza vizuri zaidi akinyweshwa na yeye kuliko akinyweshwa na mtu yeyote.

Lakini ugonjwa ulikaa. Na ugonjwa ukikaa, watu wanautafutia mwenyewe.

Baba Mkubwa Byamungu alishuka kutoka Sange baada ya mavuno. Nataka nimtendee haki. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi. Wazazi wao walipokufa ni yeye aliyemlea, na inasemekana alimbeba mgongoni hadi watu wakamcheka. Alipomkuta amelala mkekani, ute unamtoka, alitoka nje akashika kichwa.

"Ni tension," Mama alimwambia. "Dokteri alisema."

"Tension gani inachagua mukono moya na kuacha ingine?" alijibu. "Ile asubuhi alikunywa nini? Alikunywa kwa nani?"

Mama aliuona mwelekeo wa swali. "Alikunywa kwenye sisi bote tunakunywa. Na batoto yangu pia walikunywa. Beko hai."

"Sumu inajua jina," Baba Mkubwa akasema.

Jumapili, watu wametoka misa, alikuja na mfumu, mpiga ramli, kutoka juu mlimani, mtu mfupi mwenye koti safi ambaye angeweza kuwa mwalimu wa shule. Ua wetu ulijaa. Walikuja watu wazima niliowaheshimu wote: akina mama walionichapa, akina baba walionitengenezea mipira ya matambara. Papa alikalishwa kitini, amefungwa kwa kitenge kifuani asianguke. Mfumu alichuchumaa mbele yake, akamshika goti, akaongea naye kwa upole sana.

"Mugonjwa, unanisikia?"

"Eeh."

"Kuko muntu alikufanyia ile mambo?"

"Eeh."

Watu wakasogea karibu.

"Ulikunywa kitu yake?"

"Eeh."

"Ni mwanamuke?"

"Eeh."

"Iko karibu? Ukiwa hapa unaweza kuona nyumba yake?"

"Eeh," Papa alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Watu wakaona yale machozi, wakayasoma walivyotaka.

Mama alipenya mpaka mbele. Sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. "Acha! Muache muone!" Akamshika Papa kidevu. "Papa Safari! Minye niko mwanaume?"

"Eeh."

"Weye ulizaliwa leo asubuhi?"

"Eeh."

"Niko mbuzi? Niangalie! Niko mbuzi?"

"Eeh."

"Munasikia?" Mama aligeuka. "Hana neno ingine! Munasikia?"

Alikuwa anaongea na migongo. Waliokuwa karibu walimsikia, na wawili watatu waliangalia chini, lakini wale wa nyuma walikuwa wamekwisha kuvuka barabara, na mtu akiona wengine wanakimbia, miguu yake haimngojei. Mama aliwakimbilia bila viatu.

Mimi nilibaki na Papa, na Neema ameng'ang'ania sketi yangu. Kutoka pale kitini tuliona kila kitu. Tuliona vyungu vya Koko vikitolewa na kupigwa chini. Tuliona vijana wakipanda kung'oa mabati, na bati moja likapeperuka likaanguka barabarani. Koko Vumilia alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, mikono mapajani. Mama alisimama mbele yake, ametanua mikono, na jiwe lililotupwa na mtu likampiga begani. Bega hilo lilimsumbua kila masika mpaka uzee.

Koko aliuliza kitu kimoja tu. Mama ndiye aliyetusimulia. Aliuliza, "Papa Safari yeye mwenyewe alisema?"

Mtu akamjibu, "Alisema."



Papa nyuma yangu alikuwa anavuta kile kitenge kilichomfunga, anasema, "Eeh! Eeh! Eeh!" mpaka sauti ikakatika. Nilimfuta uso. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia, "Papa, tulia, inaisha."

Asubuhi iliyofuata Mama alimbebea Koko mkeka na sufuria iliyosalia, akamsindikiza hadi barabara kubwa ya kwenda kwenye uwanda wa Ruzizi. Kule Runingu alikuwa na binti wa dada yake. Baba Mkubwa alirudi Sange bila kuaga, kwa sababu Mama alimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii shemeji yake, na mimi sitayaandika. Mfumu naye alikwenda zake. Papa alibaki vile vile alivyokuwa, na watu wakasema ni kwa sababu mchawi alikimbizwa kabla ya kufungua alichofunga.

Kisha wakatukwepa sisi. Sokoni akina mama walisogeza mabeseni yao mbali na la Mama. Aliyemtetea mwenye sumu, walisema, huenda walipika pamoja. Wateja wake wa siku zote walimpita wakiangalia angani. Mama alikaa pale na ndagala zake tangu asubuhi mpaka jioni, akirudi nazo tunakula sisi. "Watanunua," alikuwa akisema. "Njaa haina kinyongo." Ilichukua muda mrefu, lakini kweli walinunua.

Papa alianza kusimama kiangazi kilipoingia. Safari alimshika upande wa kulia, mimi kiunoni kwa nyuma, na mkono wake mzima ukaegemea ukuta wa nyumba yetu, ukuta aliojenga mwenyewe kabla sijazaliwa. Alikwenda mpaka pembe ya nyumba, akapumzika, akarudi. Mguu mbaya ulichora mstari mavumbini. Alianguka mara nyingi, na alipoanguka tulianguka wote watatu. Safari alijifunza kucheka wakati ule. Walikuwa wanalala pale chini, baba na mwana, wanacheka na kulia, wala hutofautishi.

Maneno yalirudi polepole kuliko miguu. Nilichukua kitabu changu cha kwanza cha kusomea, chenye picha, nikamfundisha kama mwalimu alivyonifundisha, isipokuwa kile kibao cha shingoni. Neno la pili alilopata lilikuwa "maji," na kwa kipindi kirefu kila kitu kikawa maji: kiti maji, Neema maji, Mungu maji. Halafu yakaja mengine, yamechanganyika. Padri wa parokia alipokuja kumwona, Papa alijikusanya, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema kwa heshima kubwa, "Bonjour, mbuzi." Padri alicheka hadi akavua miwani. Huo ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote niliyoishi, na hata hivyo nakumbuka kicheko kile vizuri kama ninavyokumbuka kilio.

Siku aliyofika barabarani kwa mara ya kwanza, amejikongoja na fimbo, alisimama akatazama ng'ambo. Majani yalikuwa yameota ndani ya kuta za Koko. Kuta zilisimama bila paa, na mtu alikuwa ameanza kuchukua matofali.

"Koko," Papa alisema. Alitafuta. "Koko... wapi?"

Mimi nilikimbia kumwita Mama. Mama alikuja akasimama mbele yake, akamwambia yote, wala hakumpunguzia. Papa alisikiliza, mdomo umefunguka kidogo upande ule mbovu.

"Nilisema... nini?"

"Ulisema eeh."

Alitaka kujifunika uso, lakini mkono mzima ulikuwa umeshika fimbo na ule mwingine haukusikia amri. Akabaki hivyo, uso wazi, mbele ya barabara na watu wanapita.

Baadaye sana, maneno yalipoongezeka, alitueleza. Alisema siku ile sauti zilimfikia kama za watu wanaongea na yeye yuko chini ya maji. Alijua wanauliza kitu kibaya. Alitaka kusema hapana. "Nilitafuta hapana mu kichwa yote," alisema. "Kinywa yangu ilikuwa na neno moya tu. Hata kukataa, nilikataa na lile lile."

Tangu siku ya barabarani alikuwa na kazi moja. Alitaka kwenda Runingu. Mama alimwambia, "Utaenda siku utaweza kutoka barabara mpaka kwake na miguu yako. Minye sitakupeleka kwake umebebwa kama mufuko." Basi akajifua. Alfajiri na jioni, mpaka kwenye kisima, mpaka shuleni, mpaka ufukweni. Na njiani alikuwa anarudiarudia sentensi moja aliyoiomba kwangu, niliyomfundisha neno kwa neno: Koko, si weye. Unisamehe.

Tulikwenda na lori la mizigo, Papa mbele kwa dereva, mimi na Mama nyuma. Tuliposhuka kulikuwa na njia nyembamba juu ya kingo za mashamba ya mpunga, maji kila upande, na watoto wanapiga makopo kufukuza ndege. Alianguka mara moja matopeni. Hakutaka tumwinue, alijiinua kwa fimbo, na suruali yake ya misa ikawa nyeusi upande mmoja. Hivyo ndivyo alivyofika.

Koko Vumilia alikuwa anaanika mihogo. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Alimwona tangu mbali, akaendelea kupanga mihogo yake mpaka Papa alipofika mbele yake, akisimama huku anayumba, jasho linamtoka. Alivuta pumzi.

"Koko," alisema. "Si minye. Unisamehe."

Mimi nilifumba macho. Papa naye alisikia alichosema. Alijipiga paja kwa ngumi. "Apana. Apana! Si... Koko, si..." Neno likagoma. Mama alitaka kumsaidia, Koko akainua kiganja kumzuia. Akangoja. Tuliwasikia wale watoto wa makopo, na ndege wakiruka shamba hili kwenda lile.

"Si weye," Papa alisema mwishowe.

"Najua si minye," Koko alisema. "Kaa, utaanguka." Akamsogezea kigoda. Alipokaa, akamtazama sana kwa lile jicho lake zima. "Usibebe yote peke yako. Weye ulisema eeh na mudomo mugonjwa. Bale bengine, midomo yao ilikuwa mizima."

Mama alimwomba arudi Kavimvira. Alimwambia tutaziezeka zile kuta, Safari sasa ana nguvu. Koko alitikisa kichwa.

"Nyumba inaweza kurudi," alisema. "Lakini asubuhi nitaamuka niangalie sura ya nani?"

Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, Papa hakutoka na watu. Alitangulia, akasimama nje ya mlango wa kanisa, kwenye ngazi, kila mtu apite mbele yake. Aliongea kwa shida, anapotea, anarudi. Alisema Koko Vumilia hakumpa kitu kibaya. Alisema alikuwa mgonjwa wa damu. Alisema, "Mulitumia kinywa yangu." Kiongozi wa avenue alirekebisha kofia yake. Mama mmoja, aliyekuwa mbele kabisa siku ile ya mabati, alianza kulia, akaondoka haraka. Wengine walimshika mkono, wakamwambia wanamshukuru Mungu kwa kuwa sasa anaongea vizuri. Hakuna aliyekwenda Runingu. Baba Mkubwa Byamungu aliposikia alikuja, akalala kifudifudi mbele ya Papa, wakalia; na tangu hapo, mpaka alipokufa, alipotutembelea alipita njia ya nyuma, mashambani, asipite mbele ya zile kuta.

Koko alifariki kabla ya mavuno mengine. Tulikwenda kumzika sisi, binti wa dada yake, na wakulima wachache wa pale. Papa aliomba matofali. Alipiga magoti kwa kuanguka, akapanga ukingo wa kaburi kwa mkono wa kushoto, peke yake, siku nzima, na hakuruhusu mtu anyooshe tofali lililokwenda upande. Baada ya hapo hakujenga tena. Aliishi miaka mingi, akitembea kwa kuburuta mguu, akisahau majina ya vitu, akipiga mluzi unaotoka upande mmoja. Aliwashika wajukuu. Alikufa kitandani kwake, maneno yake mengi yakiwa yamerudi.

Siku hizi ugonjwa kama wake ukimpata mtu pale Kavimvira, mtoto wa shule anakutolea simu mfukoni, anakusomea mshipa gani umepasuka na unatakiwa umwahishe wapi. Ningependa sana tungekuwa nayo. Lakini simu hiyo hiyo nimeiona ikimtangaza mjane kuwa mchawi, na picha yake, na nyumba anayokaa, kabla hata mgonjwa hajafikishwa hospitali. Vijana wamepata njia fupi tu. Enzi zetu ilibidi tuvuke barabara kwa miguu.

Wa rika langu tukikutana, kwenye arusi au kwenye kilio, tunaanza kusifu zamani. Mtoto alikuwa wa wote, tunasema. Jirani alikuwa ndugu. Naitikia, kwa sababu niliishi hivyo na ni kweli. Kisha nawauliza kama wanamkumbuka Vumilia. Wengine wanatazama mikono yao, na mmoja hakosi kusema, "Tulikuwa batoto, Furaha."

Kweli, tulikuwa watoto. Wazazi wetu hawakuwa watoto.